Cheti Kisichoanza Ndani ya Rahu

Jumamosi, 8 Juni

Binti yangu Yazhini hajala. Nimempelekea idli tatu, vitumbua vya mvuke, pale kwenye kompyuta yake, zimerudi tatu, moja ina alama ya meno. Nikimuuliza kuna nini, anasema Ijumaa. Basi. Ijumaa.

Nimemvuta jikoni anieleze huku nakuna nazi. Nilivyoelewa mimi: kampuni yao inapeleka dawa majumbani. Ndani ya kompyuta kuna programu nyingi, kila moja na kazi yake. Moja inapokea maagizo, moja inatazama dawa ghalani, moja inawatuma vijana wa pikipiki. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Na kabla ya kuongea, kila moja inamwonyesha mwenzake cheti. Mpaka sasa vyeti hivyo kampuni inajiandikia yenyewe. Sasa hospitali kubwa inataka kuungana nao, nayo imesema hatutaki vyeti vya kujiandikia. Leteni vya mamlaka ya nje.

Haki yao. Hata ile posa ya Yazhini kutoka Erode, tabia ya kijana hatukumuuliza mama yake. Tulimuuliza fundi cherehani wa mtaa wao.

Kuvibadilisha vyeti ni Ijumaa, kazi kapewa Yazhini. Akifaulu anathibitishwa kazini, na atafanyia kazi hapa hapa Coimbatore, chini ya macho yangu. Asipofaulu wanaachana naye. Atarudi Bengaluru kutafuta, alale chumba kimoja na wasichana wanne, ale tambi za pakiti. Alirudi kutoka huko amekonda kama kijiti cha ubani.

Jumatatu, 10 Juni

Hiyo mamlaka ya nje imenikaa kichwani. Leo nimemuuliza, huyo anayetoa vyeti, yeye nani anamdhamini? Kasema yuko mkubwa wake. Na mkubwa wake? Yuko wa juu zaidi. Na yule wa juu kabisa?

Akanywa kahawa kidogo. "Huyo anajiandikia mwenyewe, Amma."

"Anajiandikia."

"Ndiyo, lakini watu wote wamekubali kumwamini."

"Kumbe ni kama mama mkwe wa dada yangu."

Kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Idli amekula nne. Leo nitalala.

Jumanne, 11 Juni

Silali. Nimeinua karatasi za kalenda ukutani nitazame hiyo Ijumaa. Rahu, ile saa ya nuksi ya kila siku, inaingia saa nne na nusu, inatoka saa sita mchana. Na wao wamepanga kubadilisha vyeti saa tano! Katikati kabisa ya nuksi. Mimi saa ya Rahu sifungui hata gunia jipya la mchele.

"Amma, kompyuta haina Rahu."

"Wewe unayo."

Kanuna. Na mimi nimenuna, na mimi ndiye ninayepika. Jioni kaja mwenyewe. Kasema cheti kina saa yake ya kuanza, na kabla ya hapo hakihesabiki, ni kama tiketi ya treni ya kesho. Atamwomba anayevitoa aweke saa sita, na kazi waifanye saa saba. Anayevitoa ni Bwana Sivasailam, mtu wa Madurai. Kampigia hapo hapo, wala hakubisha hata kidogo. Kasema, "Dada, ungeniambia tangu mwanzo. Mimi saa ya Rahu sisaini hata risiti ya mtungi wa gesi."

Mtu wa heshima huyo.

Jumatano, 12 Juni

Vyeti vimefika. Nimeomba nivione. Herufi zimekorogwa, hakuna mhuri, hakuna hata picha. Nimepaka manjano kidogo ya baraka pembeni ya kompyuta. Kafuta. Nimepaka chini yake, hapaoni.

Alhamisi, 13 Juni

Kila kitu tayari, anasema. Saa saba kesho, dakika kumi, imekwisha. Bosi wake, Bwana Khurana wa kule Gurgaon, amekubali saa saba.

Nikamuuliza, umemwambia ni kwa ajili ya Rahu?

"Nimwambie hivyo nichekwe? Nimemwambia ni sababu za kiufundi."

Sikuipenda hiyo. Lakini nilikuwa nimeshashinda, nikaiacha.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika nimesimama, jikoni. Dengu ziko motoni.

Watu wa hospitali wameingia mkutanoni mapema. Bwana Khurana akataka kujionyesha. Kasema mambo yako tayari, ya nini kungoja, akabonyeza mwenyewe kutoka huko kwake. Vyeti vya zamani kavifuta mbele ya wageni ili waone. Vipya kaviweka. Saa tano hiyo, katikati ya Rahu.

Zote zimegoma. Programu hii inatoa cheti, ile inasema bado hakijaanza, sikujui. Hazijuani, na jana zilikuwa zinapiga soga kutwa. Maagizo ya dawa yamesimama mlangoni. Vijana wamekaa juu ya pikipiki, hawana pa kwenda.

Yazhini kampigia Bwana Sivasailam, nimesikia yote.

"Kaka, nakuomba, nitolee vingine vinavyoanza sasa hivi."

"Sasa hivi? Dada, tazama saa. Siweki sahihi kabla ya saa sita. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniomba."

"Kaka, nitafukuzwa kazi."

"Ndiyo maana sisaini. Nikisaini sasa utafukuzwa kweli."

Moyoni nikasema ana akili huyu. Halafu nikatamani kujipiga mwiko.

Sasa Bwana Khurana anamuuliza mbele ya hospitali yote. Kiingereza chao nakiokota neno neno, lakini hili nimelielewa. Vitaanza lini? Saa sita, bwana. Kwa nini saa sita? Sababu za kiufundi, bwana. Zipi hizo, zitaje. Kuna mwanamke wa hospitali naye kasema taratibu, tunakusikiliza, binti.

Yazhini kasema, "Saa hiyo niliichagua mimi."

Mimi. Kasema mimi. Wala hakugeuka kutazama huku jikoni.

Bwana Khurana anasema tutazungumza wewe na mimi baada ya hapa. Sauti ya chini, ya adabu, ile mbaya.

Kiingereza cha kumwambia ninacho, nimekitunga hapa kwenye jiko: ni mimi mama, nililazimisha mimi, mtoto hana kosa. Lakini Rahu haijatoka, bado nusu saa nzima. Nikiingia mkutanoni sasa, nimeanza jambo ndani ya nuksi. Nikingoja itoke, mkutano utakuwa umekwisha na yeye pia.

Nimezima jiko. Sari ina doa la dengu.

Naingia.