Aliyelifunga Ghala

Bariadi,
Jumapili, 18 Julai 1999.

Kwa Baba mpendwa,

Mwangaluka, Baba. Najua Dada Philomena ndiye anayekusomea, kwa hiyo na yeye mwangaluka. Namwomba asome yote kama nilivyoandika, asiruke mahali akidhani anakulinda. Daktari amekukataza kuinama, kubeba vitu vizito na kukaa kwenye vumbi. Hakukukataza kusikia. Jicho linaendeleaje? Tuliambiwa kwamba ulipofunguliwa kitambaa, neno lako la kwanza lilikuwa kumwuliza nesi pamba imefika bei gani. Mama aliposikia hivyo akasema basi umepona, tusikuombee tena, tuwaombee wengine.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, anakusalimu sana, na anakukumbusha kwamba huku hakuna uji wa saa nne, usije ukarudi na desturi za hospitali. Kiangazi kimekaza. Mbuga zimepasuka na ng'ombe wanapelekwa mbali kunywa, lakini wana afya, isipokuwa mmoja ambaye nitamfikia. Kazi yangu hapa halmashauri inaendelea vizuri. Nashinda barabarani na kwenye makalavati, nimekuwa mweusi kuliko wewe, na nimeridhika.

Baba, ulimtuma Luhende, yule kondakta wa basi, aniletee agizo. Nilipate jina la mtu aliyemwita bwana wa wilayani akalifunga ghala la chama chetu cha msingi. Ukatuma na neno kwa wazee kwamba mtu huyo atozwe dume la ng'ombe aliwe, na mpaka atakapolipa, jirani yeyote asimpe moto wala maji. Agizo nimelitimiza, mtu nimempata. Jina nitalitaja, ila unipe nafasi nikusimulie kwa mpangilio, maana uliondoka mambo yakiwa mabichi, na tangu hapo umeyasikia vipande vipande kutoka kwa watu wa basi, na watu wa basi unawajua.

Unakumbuka mnunuzi wetu Marcelo alivyokuja mwezi wa sita. Tangu soko la pamba lifunguliwe tumeona wanunuzi wa kila namna, wenye mizani migonjwa na wenye ahadi za kulipa kesho, na kabla yao tulikuwa na malipo ya kungoja mpaka mtu anasahau alilima nini. Huyu akaja na fedha taslimu, akalipa mbele ya mizani. Watu wakampokea kama mvua ya kwanza. Alitaka kukodi ghala, na sharti la kampuni yake lilikuwa moja tu, injinia athibitishe kwamba jengo ni imara. Wewe kama mwenyekiti ukasimama ukamwambia kwamba hilo halina shida, injinia tumemzaa wenyewe.

Sikulaumu kwa kujivuna. Tangu nilipotoka Chuo Kikuu, hakuna anayekuita Masunga. Mnadani, kanisani, kilabuni, wewe ni Baba Injinia na Mama ni Mayu Injinia. Hata mbuzi wetu wakiingia kwenye mihogo ya mtu, inasemwa ni mbuzi wa Injinia. Nilijua ni jina tamu, na kwa muda mrefu nililiacha likae kwa sababu lilikuwa lako zaidi kuliko langu.

Nikaja, nikalizunguka ghala na timazi mkononi. Ukuta wa nyuma umelala nje, na ufa wake unaingiza kiganja. Udongo wetu wa mbuga unaujua kuliko mimi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka, na nyumba yenye msingi mfupi inapanda na kushuka nao mwaka hadi mwaka. Sasa jaza pamba humo mpaka juu, waingize vijana waikanyage ili ishikane, na kila wanapokanyaga, pamba inausukuma ukuta uliokwisha kuchoka. Jioni ile nilikwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa sheria mpya ya mwaka tisini na saba mimi bado si injinia. Nina digrii, lakini digrii ni mlango tu. Lazima nifanye kazi miaka mitatu chini ya injinia aliyesajiliwa, kisha Bodi inipime, ndipo niandikwe, na kabla ya hapo sina ruhusa ya kujiita jina hilo wala kuweka sahihi kwenye jengo la mtu. La pili, kwamba hata ningekuwa nimesajiliwa tangu juzi, ukuta ule nisingeusainia.

Ulilisikia lile la kwanza tu. Ukacheka, ukaniuliza kama chuo kilikula ng'ombe wako bure, ukasema ndama haulizwi karatasi ndipo aitwe ng'ombe. Nikakujibu kwamba ni kweli ndama ni ng'ombe, lakini hafungwi plau. Mama akaguna, wewe ukanywa maji, tukaenda kula. Kesho yake ukapanda basi la Mwanza, na ulipompita Marcelo pale stendi ukamwambia kwamba mwanao amekwisha kukagua. Sisemi ulidanganya, Baba. Nilikuwa nimekagua kweli. Maneno yako yalikosa mkia tu, na Marcelo hakuwa na haja ya kuutafuta. Siku chache baadaye pamba ilikuwa imefika nusu ya kuta.

Halafu ndiyo likatokea lile ulilosikia. Injinia Thomasi wa halmashauri, ambaye ndiye mkubwa wangu, alifika na gari, akatoa watu wote ndani, akapima ukuta ule kwa mkono wake mwenyewe, akafunga milango kwa mnyororo na kubandika tangazo lenye jina lake. Walipomwuliza nani kamwita, alisema amefuata kazi yake, akaondoka. Marcelo akatishia kuhamisha mizani yake akanunue Nyashimo. Wenye mikokoteni wakaanza kuhesabu safari hiyo na kutukana. Hapo ndipo neno lako lilipofika kwa kinywa cha Luhende, na pamoja na lile dume na moto, ulisema kwamba adui yetu sote tunamjua.

Hukutaja jina, Baba, lakini kila mtu alisikia Januarius. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama kabla hujamshinda, ndiye mnayepishana njiani bila salamu, na siku ile alionekana akisalimiana na Injinia Thomasi kama mtu yeyote mwenye adabu. Ikatosha. Asubuhi iliyofuata mkewe Nyanjige alikwenda kuomba moto kwa jirani akaambiwa umezimika, na moshi unaonekana juu ya paa. Kisimani akarudishwa na ndoo tupu. Kiberiti dukani wakamwambia kimekwisha. Mtu mzima, Baba, mama aliyenifundisha katekisimu, anakaa na watoto wake na mboga mbichi kwa sababu ya neno lililotoka kitandani kwako Mwanza.

Wazee waliitisha baraza la dagashida jana Jumamosi, na kijiji kizima kikaja. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Wanawake hatuzungumzi sana pale, unajua, lakini kabla hawajamwita Januarius nilisimama nikasema ninalo neno.

Baba, aliyelifunga ghala ni mimi.

Mama alipokuja sokoni Bariadi akaniambia pamba imeanza kuingia, sikumaliza hata chai. Nilikwenda moja kwa moja kwa Injinia Thomasi nikamweleza nilichokiona. Aliniuliza kama naelewa kwamba ni nyumbani kwetu, kwamba baba yangu ndiye mwenyekiti. Nikamwambia kwamba ndiyo sababu nimekuja kwake, maana mimi mwenyewe sina mamlaka ya kufunga hata banda la kuku. Na ningeweza kunyamaza jana. Thomasi hakumtaja mtu wala asingetaja. Dume wangempata, angetoka zizini kwa Januarius, wewe ungerudi ukashangiliwa, nami ningeendelea kuitwa Injinia na kila mpita njia. Nisingeweza kulala.

Zilipigwa kelele. Mmoja aliuliza ni mtoto gani anayebomoa nyumba ya baba yake. Mzee Sayi, anayewaongoza wazee, akawanyamazisha, akaniuliza taratibu mimi ni injinia au si injinia. Nikasema bado. Akauliza kama si injinia, nimesema kwa nguvu ya nani. Nikamjibu kwamba ninajifunza, na kazi yangu yote kwa sasa inabebwa na Thomasi. Nikikosea, anayeulizwa ni yeye, na anayefutwa kwenye orodha ya wahandisi ni yeye. Ndiyo maana hakukubali maneno yangu matupu, alikuja akapima mwenyewe. Nikawaambia kwamba leseni wanayoiona kama sifa ni hiyo tu, kujulikana nani ataulizwa watu wakifukiwa.

Mzee Sayi akasema ameelewa vizuri kabisa, maana hata sisi tunayo leseni kama hiyo. Binti ambaye hajatolewa nyumbani kwa mahari, kosa lake anaulizwa baba yake. Kwa hiyo faini inatoka zizini kwa Masunga. Na kwa kuwa aliyeitaja faini hiyo ni Masunga mwenyewe, kwa kinywa chake, hakuna mzee mwenye uwezo wa kuipunguza. Baba, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikajaribu kubisha kwamba nina mshahara, nitamnunua dume mnadani. Wakakataa. Mshahara haumtoi binti kwa baba yake.

Waliuliza nani atachagua dume, Mama akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Alimchagua yule mwekundu mvunja boma, ambaye umemtetea miaka yote anapoingia mashamba ya watu. Ameliwa jana. Mama anasema nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yake.

Sitakuficha kitu. Ukuta haujaanguka. Umesimama vilevile na tumbo lake nje, na vijana wakipita wananitania kwamba wanausalimu kwa niaba yangu. Huenda ukasimama mwaka huu wote. Siombi uanguke ili nionekane nina akili. Nilichokiona nimekiona, na mwenye haki ya kukisema amekisema. Marcelo hakwenda Nyashimo. Anapima pamba uwanjani chini ya turubai na kuipakia siku hiyohiyo, analalamika kutwa, lakini analipa. Hakuna mtoto wa mtu anayekanyaga pamba kando ya ukuta ule, na mimi nalala usingizi.

Kimoja tu kiliniuma, nami nakisema wazi. Jana kutwa hakuna aliyekuita Baba Injinia. Walisema Masunga, Masunga, zizi la Masunga. Nilitamani uwepo, halafu nikashukuru hukuwepo. Jina hilo nililivua mimi, na najua umelivaa kwa furaha kuliko koti lako la Pasaka. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa chini ya Thomasi, na sina wasiwasi hata chembe kwamba nitasajiliwa. Siku hiyo makosa yangu yatakuwa yangu na zizi lako litapumzika. Lakini jana waliposema huyu ni wa Masunga, aulizwe Masunga, sikuona aibu, Baba. Nilifurahi kwamba mimi ni wa mtu.

Limebaki la Januarius. Wazee walimwuliza anataka afutwe machozi kwa kitu gani, na kila mtu alidhani atasema ng'ombe. Akasema ng'ombe wako hamtaki. Alisema kinywa kilichomnyima moto ni cha Masunga, basi Masunga huyohuyo aje auombe moto kwake. Wazee wote wakakubali, na mimi, unisamehe, nilikubali kabla yao. Kwa hiyo siku utakayoshuka kwenye basi utakuta mafiga baridi. Mama atakuwa amezoa majivu yote, na jirani hatakupa hata kaa moja, wala usinunue kiberiti njiani, Luhende ameambiwa akuangalie. Nyanjige amesema kuni zake ni kavu na anakungoja. Nitaomba ruhusa tena nije. Nitakusindikiza mpaka kwenye mlango wao, lakini kigae cha moto utakibeba mwenyewe.

Msalimie sana shemeji na watoto wa Dada Philomena, uwaambie nawaletea karanga. Dada naye wabeja kwa kukutunza, na wabeja kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka. Mama anasema urudi upesi, anaona nyumba ni kubwa mno bila mtu wa kubishana naye. Mungu akupe macho yote mawili, uje utuone.

Ni mimi binti yako,
Lukresia Masunga.