Jawabu Ulikuwa Nalo, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai kukuuliza kitu ilikuwa kazi bure. Ulinirudishia swali tu.

Unazikumbuka alasiri zetu pale Ibra, mama alipokwisha kufariki, wewe na mimi na dele la kahawa? Mpaka nitikise kikombe kuonyesha nimetosheka, uliendelea kumimina na kuuliza. Nilipokuwa nasomea ualimu Nizwa tukafundishwa habari za Wayunani wa kale, nilirudi mbio kukuhadithia. Nilikwambia yuko mzee wao mmoja aliyesema hajui kitu, kwamba elimu imo ndani ya mwanafunzi na mwalimu ni mkunga tu, kazi yake kuitoa kwa maswali. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema huko Unguja na huku Omani umesomesha miaka yote hiyo kumbe wewe ni Myunani.

Nilikuamini. Nilipopata nafasi ya kwenda Jordan kuendelea na masomo, uliniuliza siku tatu mfululizo. Mwalimu anahitajika wapi zaidi? Elimu ina faida gani ikiwa mbali na watu wake? Siku ya tatu nikasema kwa kinywa changu kwamba sitakwenda, nitasomesha hapahapa Ibra. Ukanishika mkono.

"Umeamua mwenyewe, mwanangu."

Nilijiona mtu mzima wallahi.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa napanga kabati lako nikaliona daftari lako la maandalio ya masomo. Maswali yale yote yamo, kwa mpangilio, siku ya kwanza mpaka ya tatu, kwa hati yako nzuri. Na juu kabisa, pale mwalimu anapoandika lengo la somo, umeandika neno moja: Abaki.

Tangu siku hiyo nakushuku kwa kila kitu. Hata zile sifa ulizonipa nilipoanza kusoma, najiuliza zilikuwa andalio la nini. Mkunga hachagui mtoto atakayezaliwa, baba. Wayunani walikuwa na walimu wengine pia, waliojua kumpeleka msikilizaji popote wanapotaka, naye akadhani kafika kwa miguu yake. Nadhani wewe ulikuwa wa hao.

Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Mjukuu wako Rahma kapata chuo mbali, na wiki iliyopita nikamkalisha nikaanza: binti anajifunza zaidi akiwa na nani karibu? Hakunipa nafasi ya swali la pili.

"Mama, jawabu unalo tayari, yaani khalas, basi. Niambie tu."

Nikaona haya. Nikamwambia naogopa nyumba itakavyokuwa bila yeye, na kwamba nataka abaki. Alilia, nami nikalia. Kisha akaenda kupanga nguo zake, na Jumapili nilimpeleka mwenyewe. Inaniuma, lakini hakuna atakachokuja kukikuta kabatini mwangu.

Wewe ulikuwa mjane mwenye mtoto mmoja na ulikuwa unaogopa. Leo najua, na hilo ningekusamehe palepale. Ila maswali yote yale, baba, kwa jambo la neno moja! Ungeniomba tu, ningebaki.

Bintiyo, aliyebaki