Usisubiri Miwani

Maabara ya Picha za Tiba,
Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Mwisho.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Binamu Mbishi,

Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Mkeo bado anakuvumilia? Sisi huku tu wazima, ila mjomba wako, yaani baba yangu, goti limeanza kelele tena, naye anasema ni baridi ya sakafu. Hatumbishii. Mbishi mmoja anautosha ukoo mzima.

Mama yako anaendelea vizuri. Mshono umekauka, anakula, anagombana na redio. Jana nilimkuta kakaa kitini anamwelekeza jirani namna ya kufua mapazia, na jirani anafua kweli.

Ndiye aliyenipa habari zako. Kumbe wameona uvimbe kwenye figo, daktari wako anataka kuutoa mwezi huu, nawe umemwambia asubiri mpaka mwakani upate likizo, uje upasuliwe huku kwa miwani ya binamu yako. Asante kwa heshima hiyo. Sasa nisikilize.

Kwanza ujue miwani yenyewe ni nini, maana shangazi, yaani mama yako, akisimulia hutia chumvi mpaka mchuzi haunyweki. Mgonjwa hupigwa picha kwenye ile mashine ya duara. Mimi na wenzangu tunazikusanya picha hizo ndani ya kompyuta mpaka linapatikana ini zima, na mishipa yake na uvimbe wake. Siku ya upasuaji daktari anavaa miwani, na ini lile linaonekana juu ya tumbo la mgonjwa kana kwamba ngozi ni kioo. Ndiyo kazi yangu tangu wewe ulipokuwa bado na nywele.

Siku shangazi alipopasuliwa ini nilisimama pembeni mwa chumba cha upasuaji, nimefunikwa kuanzia kichwani hadi viatuni, macho kwenye skrini. Picha ilikaa sawasawa kwenye alama tulizombandika. Wakampasua. Daktari akapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe, akapitisha tena. Miwani ilionyesha uvimbe uko hapa. Ini lenyewe likaonyesha uko juu zaidi, kuelekea kifuani, upana wa kidole. Na katikati ya hapa na pale palikuwa na mshipa mkubwa wa damu.

Akaniuliza bila kugeuka, "Nifuate kipi?"

Binamu, niliogopa. Nyuma yangu walikuwepo wakubwa wawili waliokuja kuamua kama mradi wetu uendelee au ufungwe. Mbele yangu alilala shangazi aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nikasema, "Zima miwani." Daktari akaivua, akaendelea kwa ultrasaundi na vidole vyake, kama anavyofanya siku zote. Uvimbe ukatoka wote. Wale wakubwa waliondoka bila kuaga.

Kosa tulilikuta baadaye kwenye picha zenyewe. Siku ya kupigwa picha, mtaalamu wa mashine alimwambia shangazi atoe pumzi yote kisha abane. Yeye, kwa woga na kwa kutotaka tumbo lionekane, akavuta pumzi, akajaza kifua kama askari wa gwaride. Mtu akijaza kifua, ini hushuka. Siku ya upasuaji alikuwa usingizini, kifua kimetulia, ini limerudi kwake juu. Sisi tulikuwa tumechora ini la mtu mwingine, mtu aliyejivuna. Nilipomwuliza, akanijibu, "Wewe ungetoa pumzi mbele ya watu wasiokujua?"

Sasa mradi umesimamishwa na miwani iko kabatini. Imeniuma, sikufichi, lakini wakiniuliza tena nitajibu vilevile. Huenda tukapewa nafasi nyingine, huenda tusipewe. Hata ukija mwakani unaweza usiikute, na ukiikuta itakuwa bado inajifunza. Sitaki ijifunzie kwako.

Aliyemponya mama yako ni daktari anayeijua kazi yake, na alimpasua kwa wakati. Daktari wa namna hiyo unaye huko huko, tena ameshakupangia kitanda. Najua utanijibu haraka haraka haina baraka. Basi nami nakukumbusha ngoja ngoja huumiza matumbo, na figo limo humo humo.

Shangazi nimemweleza yote haya. Kwa majirani bado anaisifia miwani, na sina nguvu za kumzuia. Lakini barua hii kaniagiza yeye. Alisema, "Mwandikie wewe. Mimi akinibishia nitalia."

Mpigie daktari wako kesho asubuhi, halafu mpigie mama yako.

Nisalimie mkeo na wale mapacha, na yule rafiki yako dereva aliyetupoteza njia. Mjomba wako anakusalimu, na goti lake pia. Mungu akulaze salama kwenye kitanda hicho, akuamshe mwepesi, uje tubishane mpaka majirani wagonge ukuta.

Na ukiwa ndani ya ile mashine ya duara wakakwambia toa pumzi, toa, Binamu. Yote. Usijaze kifua kama mama yako.

Wako akupendaye hata ukibisha,
Binti wa mjomba wako