Rupia Zisizovuka Mpaka

Mazinde, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya Mdachi

Kwa mama yangu mzazi, Mwanasha binti Hamisi, Tiwi.

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana moja naona haitoshi kwa muda huu wote ambao sijaishika miguu yako kwa mikono yangu. Kifua kimetulia? Na ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi? Yule mbuzi wako mkorofi bado anaingia jikoni na kuinua kawa kama mwenye nyumba? Mimi mwanao ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na msumeno haujanigusa tena tangu kile kidole nilichokuandikia. Mwalimu Juma, nakusalimu wewe unayemsomea. Tafadhali soma polepole, na akicheka mwache amalize, usimkatishe.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa mkononi fundi mwenzangu anayerudi kwao Likoni, kwa hiyo leo naandika bila kuficha kitu. Nina habari ya mwanamke mmoja wa Handeni ambaye ametufanyia mimi na wewe jambo kubwa, naye ananidai kitu ambacho si fedha. Mimi siwezi kumlipa. Wewe, mama, unaweza, na ndiyo sababu nimekaa chini leo Ijumaa baada ya swala, randa nimeiweka pembeni, nikuandikie yote.

Unajua mwenyewe nilivyohangaika na fedha zako. Huku napokea rupia ya Mdachi, ile yenye kichwa cha Kaisari na kofia yake ya chuma, na fedha ndogo ni heller. Kwenu ni rupia ya Mwingereza na senti zake. Ukizishika mkononi uzito ni ule ule, fedha ni fedha. Lakini zangu zikifika Vanga, pale mpakani, mwenye duka anazigeuzageuza kama mtu anayeuziwa samaki wa jana, anakunja uso, kisha anatoa chache kuliko alizopewa. Heller ndizo hataki hata kuziona. Na aliyezibeba naye lazima ale njiani, hilo simlaumu. Nikajaribu duka moja la Tanga linaloandika hundi. Wakakata chao, halafu wewe na mguu wako ukatakiwa uvuke kwa kivuko mpaka Mombasa kuifuata, ukalala kwa watu, ukarudi na kilichobaki baada ya nauli. Nilikuwa nakutumia paa, na wewe unapokea nusu ya paa.

Masika iliyopita makuti yalitosha upande mmoja tu. Uliponiandikia kwamba umehamishia kitanda upande usiovuja, na upande huo umeupa jina, unaitwa "kwa Bakari", nilicheka peke yangu hapa kambini mpaka wenzangu wakaniangalia. Baadaye sahani niliisukuma kando. Mwanamume mzima, fundi, nina kazi kwenye shamba la mkonge, natengeneza vigari vya reli ndogo vinavyobeba majani kwenda mashineni, na mama yangu analala nusu ya nyumba! Nilijichukia.

Sasa sikia. Nilitumwa Korogwe kuchukua misumari stesheni. Treni haikuwa imefika, nikapita sokoni. Pale kuna mama wa Kizigua anayeleta asali na tumbaku kutoka Handeni, mrefu, sauti yake unaisikia kabla hujaiona sura yake. Nikaonja asali, nikauliza bei. Akaniambia, "Maneno yako yananukia nazi. Wewe ni Mdigo?"

"Mdigo, mama."

Hapo hapo akaninyakua kofia kichwani, akaikalia.

"Haya, watani zangu hao! Sasa nenda kamwite babu yako aje aidai. Mlikuja kwetu wakati wa njaa mkala mahindi yetu, mkatuachia ngoma tu masikioni."

Mama, unajua utani ulivyo, huna pa kushitaki. Nikamjibu kwamba Wazigua ndio waliotuibia ngoma, na wameshindwa kuipiga. Akacheka mpaka akashika mbavu, lakini kofia hakunipa. Ndipo tukajuana. Jina lake ni Mama Mhando. Mwanawe huyo Mhando yuko Mombasa, anapakua mizigo Kilindini. Alitoroka huku, kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, hakijajaa, na jumbe wa kijiji chao hajasahau. Akirudi ni kiboko, na baada ya kiboko ni kazi ya serikali. Kwa hiyo harudi. Naye mama yake hawezi kumfuata, kwa sababu ya shamba na kodi ya kibanda.

Nami nikamweleza yangu, habari za Vanga, za Tanga, na za nusu ya paa. Nilikuwa nalalamika tu, kama watu wanavyolalamika sokoni. Yeye akaendelea na kazi. Akapima asali ya mteja mwingine, akagombana naye juu ya kibuyu, akamshinda, kisha akanigeukia.

"Mhando amenitunzia fedha kule," akasema. "Anaogopa kuzileta, maana kila mkono zinapopita zinapungua. Mimi nina fedha Mombasa zisizofika hapa. Wewe una fedha hapa zisizofika kwenu. Kwani lazima zitembee?"

Nikamuuliza zitafikaje zisipotembea.

"Hujaelewa, Mdigo? Mwanangu ampe mama yako za Mwingereza kule kule. Wewe unipe mimi za Mdachi hapa hapa. Rupia kwa rupia. Huyo wa Vanga atageuzageuza nini?"

Mama, nimesoma Kurani chuoni, nimejifunza useremala kwa mafundi wakali, nimepima mbao za kila namna, lakini jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Nilikuwa nahesabu watu wa kubeba fedha, nani mwaminifu zaidi, nani anakula kidogo njiani. Yeye aliwaondoa wote mara moja, huku anajifuta asali vidoleni. Nilitamani nimwamkie tena upya.

Nikatia mkono mfukoni nimpe za kwanza. Akanipiga kofi mkononi. "Acha! Usinipe hata heller mpaka mama yako aseme mwenyewe kwamba ameshika. Wangu atangulie."

Nikamwambia, "Mama, hunijui. Nikikukimbia je?"

"Kofia yako nitakunyang'anya mchana kweupe watu wote wakiona, hiyo ni haki yangu. Amana ya mtani siili, na wewe yangu huwezi kuila. Ukiila, nani atakuja kukufanyia mzaha kwenye matanga yako?"

Nikataka angalau akate kidogo chake kwa wazo lake. Alikasirika kweli, si mzaha tena. Alisema akianza kukata, basi na ahamie Vanga akafungue duka. Na huyu, mama, ni mwanamke ambaye kwenye bei ya asali hakupunguzii hata tone.

Habari akaipeleka kwa kijana wa kwao anayeswaga ng'ombe mpaka mpakani, naye akampa mwingine anayekwenda Mombasa. Aliniambia maneno hayatozwi ushuru. Mimi nikakuandikia barua, nikaitia posta, nikueleze kwamba atakuja Mzigua mlangoni kwako, usiogope. Kosa letu lilikuwa hilo. Posta ikalala njiani, na Mhando akafika kabla ya barua.

Yaliyotokea unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike kama nilivyoyapokea kwako, kwa sababu yana maana mbele. Huyo kijana, akidhani unamtarajia, akafika uani na utani wake wa Kizigua. Hakubisha hodi ya kawaida. Alisema kwa sauti, "Nimekuja matangani kwa Bakari, wali uko wapi?" Mtani akitangulia hivyo, mwenyeji anatakiwa amtukane na kumrushia ufagio. Lakini wewe hukujua kwamba ni mtani. Ulimwona mgeni kutoka mbali, amebeba kifurushi, anataja jina langu na matanga. Ukaanguka pale pale penye kinu. Majirani wakapokea kilio, dada akajifunga kanga, na Mjomba akashika fimbo. Mhando akapiga magoti akilia kuliko ninyi, akisema, "Yu hai, mama, yu hai, mimi ni mtani tu!" akazimimina rupia mapajani pako ili umwamini. Ulinitumia salamu za matusi kwa ajili ya siku hiyo, na matusi yote nimeyapokea, yalinistahili.

Lakini rupia zilikuwa kamili. Makuti yalinunuliwa ya pande zote mbili, fundi akalipwa, na mvua ya kwanza ilipopiga ukalala katikati ya nyumba. Uliandika, "Nimelala katikati." Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, mama.

Barua yako hiyo iliponifikia nikaomba ruhusa, nikabeba rupia zake, nikavuka mto Pangani pale Korogwe, nikashika njia ya Handeni kwa miguu. Sikutaka kumngoja sokoni. Deni kama lile mtu huenda kulilipa nyumbani. Nilipita vijiji vyenye mihogo mizuri sana, nikalala njiani, nikafika kwake kesho yake jua linaelekea kushuka. Alikuwa anapepeta unga. Nyumba yake ni ndogo, imefagiliwa, na tumbaku imening'inizwa darini. Nikamwekea fedha kwenye ungo. Hakuzihesabu, alizisogeza kando ya unga kwa mgongo wa mkono ili zisichafuke.

Kisha nikamsimulia mkasa wa matanga, kwa madaha yote, nikikuigiza wewe ulivyoanguka na Mjomba alivyoshika fimbo. Nilijua atavunjika mbavu. Huyu ndiye aliyenikalia kofia.

Hakucheka. Aliendelea kupepeta kidogo, halafu akaacha.

"Mama yako alilia muda gani?" akaniuliza.

"Kidogo tu, mama. Mpaka alipoambiwa kwamba ni utani."

"Mimi wangu namlilia mpaka leo, sijaambiwa," akasema.

Akaniuliza tena, taratibu, sauti ile kubwa ikiwa imekwenda sijui wapi. "Mama yako alimwonaje Mhando? Amekonda? Anakohoa? Watu wanaobeba mizigo hukohoa. Bado anaficha mdomo akicheka, kwa ajili ya lile jino? Ana mtu wa kumpikia?"

Mama, nikaitoa barua yako, nikaipitia yote mbele yake. Mlikuwamo rupia, makuti, fundi, kilio, fimbo ya Mjomba, hata mbuzi. Habari ya sura ya Mhando haikuwamo hata neno moja. Sikulaumu, nani angetazama sura siku ile? Lakini nilimwambia, "Haikuandikwa, mama," na yeye akasema, "Basi," akaniandalia chakula kizuri, akanipa na asali ya kukuletea ambayo fundi huyu amebeba. Asubuhi akanirudishia kofia yangu. Ingekuwa afadhali angeendelea kuikalia.

Sasa wako watu wengine wanaomfuata. Mtaita mmoja hapa kambini, naye kwao ni kwa Mwingereza, ameunganishwa na mama wa Mpale, kule juu mlimani, ambaye mwanawe naye yuko Mombasa. Kazi hiyo anaifanya Mama Mhando kwa kinywa tu, sokoni, kati ya mteja na mteja, na mpaka leo hajalalamika mtu. Nikipita Korogwe na kumwona amezungukwa, nasikia fahari kama vile ni ndugu yangu. Wote wanaondoka na fedha zao. Yeye ndiye anayebaki bila alichokitaka.

Nisalimie Mjomba, umwambie fimbo yake imesifiwa mpaka Handeni. Nisalimie dada Mwanaidi na shemeji, na mtoto wao nisiyemjua, mwambieni ana mjomba. Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu sikioni, kwa sauti, maana hasikii. Na jirani yetu mama Riziki, aliyepokea kilio kabla ya wote, namshukuru sana.

Mhando atakuja tena kwako mwezi ukiandama, na fedha za mlango mpya. Akianza utani wake mrushie ufagio. Kisha usimwache asimame mlangoni, mkalishe. Mpikie bada ya muhogo na mboga ya mchunga, ale mpaka ashibe, nawe kaa mbele yake umtazame kwa macho ya mama yake, kwa sababu yeye macho yake hayavuki mpaka. Mchekeshe, uone mkono unakwenda wapi. Msikilize kifua. Umuulize nani anampikia, hata akiona haya. Na utakaponijibu, nakuomba sana, usianze na fedha. Anza na Mhando.

Ni mimi mwanao, mzima,

Bakari