Ng'ombe Wasiohesabiwa wa Burat

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana najua mdogo wangu Mwikali akianza kukusomea barua wewe husimama mlangoni kana kwamba habari zitakupita. Kaa. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, ama umemgawia jirani? Ndengu zimeingia ghalani, ama mmewaachia ndege? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nakunywa maziwa ya ngamia siku hizi bila kukunja uso, na vumbi la huku limeshanizoea.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, unaniuliza, "Unarudi lini?" Juzi ukamwambia Mwikali anipigie tena: mjomba bado ameniwekea ile nafasi katika ofisi ya shule huko Kibwezi, na sasa unataka nitaje tarehe. Nimekusikia, Mama. Jibu limo humu, lakini liko mwisho, kwa hiyo usimharakishe msomaji wako.

Kwanza hii kazi yangu. Nilipokueleza kwamba nalipwa kuwauliza watu maswali, ulicheka ukasema Mama Mutua wa hapo ng'ambo anaifanya kazi hiyo bure. Ni kweli. Ila Mama Mutua akishajua habari za mtu anazisambaza, na mimi nikishajua nazipeleka kwa mafundi wa kompyuta walioko Nairobi, ili waandike programu ya simu kulingana na mahitaji ya watu. Hawaiandiki yote kwa mpigo mmoja. Wanatengeneza kipande, watu wanakijaribu, kinarekebishwa, kisha kinafuata kingine. Kila kipande kinapewa wiki mbili, na hizo wiki mbili tunaziita sprinti, kwa sababu kila mtu anakimbia. Asubuhi tunakutana kwa simu, kila mmoja aseme amefanya nini na amekwama wapi. Mkubwa wa timu ni kijana anayeitwa Brian. Ana akili sana, na ana haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Programu yetu ni ya chanjo ya mifugo. Mfugaji aliye Burat, hapo nje ya mji, anaandika kwa simu kwamba anataka chanjo. Daktari wa mifugo anapata ujumbe, anabeba dawa ndani ya sanduku la barafu, anaenda. Ni kitu chepesi hivyo, nami nikakiharibu siku ya kwanza.

Nilienda kwa Mzee Guyo, Mborana ambaye wafugaji wenzake wa Burat humsikiliza. Alinikaribisha vizuri, chai ikaletwa. Kikombe hakijafika hata nusu, nikatoa simu nikamwuliza, "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Akaangalia pembeni. "Ni hizi unaona," akasema.

Niliyekuwa namwona alikuwa mmoja tu, amelala karibu na uzio. Nikarudia swali, nikidhani hakunisikia. Mzee akaanza kuniambia habari za barabara, kisha akasimama, nami nikajua nimeagwa.

Nilipowaeleza wa Nairobi, Brian alisema watu watazoea. Programu ilikuwa na mahali pa kujaza idadi ya mifugo, na usipojaza haikuruhusu kuendelea. Ikatoka hivyo hivyo. Baada ya muda wafugaji wakaanza kujiandikisha, boma moja baada ya jingine, na mafundi wakashangilia kwenye mkutano wa asubuhi. Mimi nikayapitia yale majina upya, moja moja. Kila boma la Burat lilikuwa na ng'ombe mmoja. Hata yule bwana ambaye mifugo yake ikivuka barabara madereva huzima injini wakashuka kunyoosha miguu, naye alikuwa na ng'ombe mmoja.

Nikasema hapa kuna shida. Brian akasema kama watu wenyewe wameandika moja, sisi ni nani tubishe. Daktari akaenda na sanduku dogo.

Mama, siku ile ningepata pa kujificha ningejificha. Mifugo ilitanda mpaka huwezi kuona mwisho wake. Watu walikuwa wameitoa malishoni, mbali, wakiamini tulichowaambia. Dawa ikaisha mapema asubuhi, wanaume wakaanza kusukumana penye uzio, na daktari, maskini, akawa anafungua na kufunga sanduku tupu. Mzee Guyo alikuwa amempisha mjane mmoja apite mbele. Ng'ombe wa Mzee wakarudi bila chanjo, na ugonjwa ulipopita ukamchukulia yule wa maziwa, mwenye ndama anayenyonya. Nililia siku hiyo. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ungeniambia nifunge mizigo.

Naye Brian akasema watu wa huku ni waongo. Sprinti inayofuata ikiisha bila idadi za kweli, akasema, kazi itahamishiwa kaunti nyingine. Maana yake Burat wasingeona chanjo tena, na mkataba wangu ungeishia hapo. Simu yako ya kwanza kuhusu nafasi ya mjomba ilinikuta wiki hiyo, na nusura niseme nakuja.

Lakini nilikasirika, na hasira zangu unazijua kwa sababu ni zako. Niondoke nimewaachia watu hasara na jina la uwongo juu yake? Nikasema siendi popote.

Nikarudi kwa Mzee Guyo kumpa pole ya ng'ombe wake. Safari hii simu niliiacha mfukoni. Tulikunywa chai mpaka ikaisha, ndipo nikamwuliza kwa nini kila mtu aliandika mmoja. Badala ya kujibu, akaniuliza yeye, "Mama yako huko kwenu ako na watoto ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, Mama, nikakunja kimoja, nikakikunjua. Tangu tumzike Kaka Kioko sijui hesabu hiyo inafanywa vipi. Nikisema watatu nadanganya, na nikisema wawili nadanganya zaidi. Nikasema tu, "Tupo."

Mzee akacheka, kisha akaniona uso, akasogeza kigoda chake karibu. Akasema polepole, "Basi na ng'ombe yangu pia iko." Akaita chai nyingine.

Njia nzima nikirudi mjini nilikuwa nakuwaza wewe. Mgeni akikuuliza watoto wako ni wangapi, unamjibu kwamba Mungu hajakunyima, na unambadilishia mazungumzo. Na siku ya kupika chakula kingi huwa hutuhesabu. Unasema, "Toeni sahani zote kabatini, zikibaki mtarudisha." Ile Krismasi ya kwanza bila Kioko, Mwikali alitoa sahani pungufu moja. Hukumgombeza. Ulienda mwenyewe ukaileta, ukaiweka mezani pamoja na zingine. Nimekaa na wewe maisha yangu yote, halafu nikaenda kwa watu wa Burat nikawauliza swali ambalo nisingethubutu kukuuliza wewe. Niliona aibu.

Basi nikawa nimeelewa kwa nini wanakataa, lakini bado sikujua daktari abebe dawa kiasi gani. Jibu lilikuwa chini ya chumba ninacholala. Mwenye ploti ninapokaa hapa Bulla Pesa ni Mama Rukia, na chini ana duka la dawa za mifugo. Nilimwomba nikae nyuma ya kaunta nitazame tu. Akasema kama nataka kukaa bure nikunje magunia.

Nikakunja magunia na kutazama. Akaingia mfugaji, akasalimu, "Salaam aleikum," wakaulizana habari za mvua na za watoto, kisha akasema, "Nipe dawa ya minyoo, chupa kubwa tatu." Akapewa, akaenda. Akaja mama mmoja: chupa ndogo mbili. Akaja mwingine: kubwa moja, ndogo moja. Siku nzima hakuna aliyetaja mnyama hata mmoja, na hakuna aliyeulizwa.

"Mama Rukia," nikasema, "huwaulizi wana mbuzi wangapi?"

"Wewe Mwende, unataka nifunge duka?" Alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Mali ya mtu utahesabu aje mbele ya watu? Hio ni kuita jicho la hasidi. Yeye anajua chupa inatosha wapi. Ikibaki na haijafunguliwa, analeta, napokea."

Zikibaki mtarudisha! Niliacha magunia nikapanda juu kuchukua kompyuta.

Asubuhi nikawaambia timu: tuondoe idadi, tuweke picha ya chupa. Mfugaji achague anataka chupa ngapi za chanjo, na zisizofunguliwa zirudi kwenye barafu na daktari. Brian akasema lakini kila chupa ina kipimo chake, kwa hiyo ukijua chupa umeshajua ng'ombe, ni kitu kile kile. Nikamwambia kama ni kile kile, basi asikikatae. Akasema ripoti yake inataka idadi. Nikamwambia kompyuta anazo, azitume zimkadirie huko ndani, Mzee Guyo si kikokotoo. Akasema tumechelewa kubadilisha. Nikasema kazi yetu yote tunajisifu kwamba tunabadilisha kila wiki mbili, sasa tunaogopa nini? Kisha fundi mmoja wa kike, Achieng, akasema yeye ataiandika kabla ya jioni. Brian akapumua kwa nguvu, akasema haya, sprinti hii tu.

Tukaijaribu. Burat wakajiandikisha upya, na safari hii daktari alienda na masanduku makubwa ambayo ilibidi abebewe. Mifugo ikapita penye uzio hadi wa mwisho, na hakuna aliyesukuma mtu. Mzee Guyo alichagua chupa zake mwenyewe. Moja ikabaki, akamkabidhi daktari mbele yangu, akaniangalia akasema, "Sasa umeuliza vizuri."

Brian alipiga simu jioni. Alisema samahani kwa kikohozi zaidi ya maneno, lakini aliisema. Kazi inabaki Isiolo, na kipande kinachofuata nakipeleka Kinna, kwa wafugaji wengine wa kaunti hii. Nimeongezewa mkataba, nami nimeukubali. Mwambie mjomba asante sana, kwa moyo wangu wote, nafasi hiyo ampe mwingine. Sikatai nyumbani, Mama. Nimepata kazi ambayo najua kuifanya, na nikiiondokea sasa kuna watu watakaorudi na mifugo yao bila chanjo.

Nisalimie Mwikali, msomaji wetu, na umwambie asiruke mistari akianza kulia. Msalimie mjomba, na shangazi wa sokoni, na Mama Mutua pia, mwenzangu wa kazi. Baba mdogo mwambie ile redio nitamtafutia.

Na sasa lile swali lako. Unataka tarehe, Mama, nami sina, na nikikuandikia moja itakuwa kama ng'ombe mmoja wa Burat. Usinilazimishe kuijaza. Wewe ukipika, toa sahani zote kama kawaida yako. Ya Kioko iweke mahali pake. Ya kwangu ikibaki safi siku hiyo, irudishe kabatini, juu, ambapo haitavunjika. Mwenyewe yuko, na anakuja kula.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mwende