Velo ya Kushukia Mulima

Yaya Mwape, dada yangu mukubwa, jambo yako na ya batoto.

Lubumbashi mvua inanyesha tangu asubui. Nilienda mu mutaa ya Kenya, hapa mujini, kwa papa Ramazani, fundi ya velo, nikamwambia natafuta velo ya kushusha makala ya kupikia pa ule mulima bwana yako Ilunga alifia mu kazi ileile. Akaacha zile za kungaa, akachagua baisikeli moja nzito, akatia freni mupya mbele na nyuma.

Akaniuliza: "Citoyen, mwenye kuipanda iko murefu namna gani?"

Mukono yangu ikapima urefu ya Ilunga. Kisha nikasema: "Ni miye."

Akashusha kiti. "Panda. Miguu inafika chini?"

Inafika. Nikalia pale juu ya velo, yaya.

Unibusie batoto. Nitashuka polepole, kwa ajili yenu.

Mudogo yako, Ngoy