Silabi Moja Imepungua

Jumatatu, 4 Machi
Kaka kaleta wimbo mpya. Wa mapenzi, tena wa kizamani: anataka gitaa lenye mwangwi, ngoma za kupapasa kwa brashi, na kinanda changu kijifanye tarumbeta. Nikamuuliza unamhusu nani. Haumhusu mtu, akasema, ni wimbo tu. Haya. Wifi yuko kwao tangu mwezi uliopita, huyu bwana ananuna mpaka chai inapoa — lakini wimbo ni wimbo tu!

Ugomvi wenyewe niliushuhudia, humu humu chumba cha kurekodia. Wifi ndiye mwitikiaji wake tangu wakiwa wachumba. Kaka akamwambia mbele yetu kwamba sauti imechakaa, safari hii tutatumia kwaya ya kompyuta. Wifi akachukua mkoba. Hakubamiza hata mlango. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano, 6 Machi
Mpiga gitaa (tunamwita Mzee Nyuzi, kijana tu) leo kapiga zile noti nyepesi za juu, zinafuatana kama watu wanaobishana kwa upole. Chumba kizima kikarudi zamani. Hata feni ikanyamaza. Au niliizima mimi.

Tatizo kibwagizo. Kaka anaimba "nimekukosa", na tuni inataka silabi moja zaidi. Anaivuta ile "saaa" kama anayekaguliwa koo. Nikapendekeza, kwa sura ya kitaalamu kabisa: weka "nimekukosea". Inakaa sawasawa. Akanitazama. Maana inabadilika, akasema. Nikamjibu maana haina mdundo, silabi ndiyo yenye mdundo. (Nilibuni papo hapo. Si mbaya.)

Mara ya kwanza alikatiza, akakohoa. Mara ya pili ikatoka, na Mzee Nyuzi akajifanya anakaza nyuzi.

Ijumaa, 8 Machi
Kwaya ya kompyuta inaitikia vizuri mno. Haina pumzi. Kaka kaifuta mwenyewe, bila kuambiwa. Midomo nimeibana mpaka inauma, nisije nikamtaja wifi.

Alipotoka nikamtumia wifi kipande cha wimbo. Nikaandika: naazima sikio lako tu, mdundo uko sawa?

Jioni. Hajajibu. Basi nimeharibu.

Jumamosi, 9 Machi
Kajibu! Mdundo unachelewa kidogo, anasema, na huyo anayeimba ana mafua au alikuwa analia? Nikamwandikia: mafua. Akarudisha: muongo kama kaka yako.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mabega yameshuka. Sikujua kumbe nilikuwa nimeyapandisha.

Jumapili, 10 Machi
Naandika hapa kwenye mtambo wa kurekodia, haraka haraka. Wifi kaingia na mkoba ule ule. Kamsalimia Mzee Nyuzi, kanisalimia mimi, nadhani hata feni kaisalimia. Kaka hakumsalimia. Kavaa hedifoni, kasimama kwenye maikrofoni yake. Kaka kasimama kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae.

Nikaachia muziki. Kibwagizo kikafika, kaka akaimba "nimekukosa". Silabi kaimeza! Woga au ubishi, sijui. Wifi akainua mkono, nikasimamisha.

"Umenikosa au umenikosea?"

Kaka kajikuna shingo, kaanza kueleza mambo ya sanaa.

"Mwenzangu," wifi akamkata, taratibu kabisa, "hapo silabi imepungua."

Mzee Nyuzi hana hata uzi wa kukaza.

"Rudisha mwanzo," kaka kaniambia mimi, ila anamtazama yeye.

Nimerudisha. Mkoba umeshawekwa chini. Gitaa limeanza —